Kaambiwa "naenda ku-draw hela", akajua zinaenda kuchorwa

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mi nauza picha za kuchora hapa Arusha mjini, tingatinga pamoja na zile za Wamasai warefuwarefu. Juzi kaja mzee wa Kiingereza kazipenda mbili, akaniambia "you draw very well", nikasema asante, alaf akasema "let me go and draw some money", mi nikacheka nikajua ananitania kwamba na yeye anaenda kuchora hela zake, basi nikafunga fremu nikaenda kula. Narudi jirani ananiambia yule mzee alikuja na hela mkononi kasubiri weee kaondoka. Sasa hii draw ni kuchora au ni nini? Maana hata mpira ukiisha moja moja wanasema draw. Roho inaniuma. (Dogo wa Sakina, Arusha)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, picha mbili kwa mkupuo si mchezo.

Shida ni kwamba shuleni tulikaririshwa draw = chora, mwalimu kageukia ubao, kwisha. Kumbe hilo neno zamani lilikuwa kuvuta tu, kuvuta na kuburuta. Penseli unaivuta juu ya karatasi, inaacha mstari, ndo ikawa kuchora. Ukishika hapo kwenye kuvuta mengine yanakuja yenyewe: maji unayavuta kisimani, bastola unaivuta kiunoni, na hela unazivuta ATM, na usishangae maana hata wewe siku ukiuza si unasema leo nimevuta mpunga? Mzee kasema hivyohivyo ila kwa Kiingereza. Droo ya kabati ni droo kwa sababu inavutwa. Droo ya kupanga makundi ya AFCON, mtu anavuta kimpira toka kwenye bakuli. Mpaka chupi za zamani wazungu waliziita drawers, kwasababu unazivuta kupanda juu, hilo ukienda kulitumia kwa wateja shauri yako. Pazia ndo kiboko, "draw the curtains" inaweza kuwa kufungua na inaweza kuwa kufunga, yote ni kuvuta, wewe angalia tu nje ni mchana au usiku.

Na wewe usijione umeonewa peke yako, hebu fikiria huyo mzee angekuwa anajifunza Kiswahili. Umemuuzia tingatinga, mtindo uliobeba jina la marehemu Edward Saidi Tingatinga aliyekuwa anachora kwa rangi ya baiskeli pale Dar, kafariki 1972, alaf kesho anasikia tingatinga limebomoa ukuta wa jirani, si atajiuliza picha gani hiyo yenye nguvu namna hiyo? Au ungemwambia kwa Kiingereza chako "sorry, I closed my frame", angeangalia zile mbao za pembeni ya picha. Kwetu fremu ni chumba cha biashara, una kodi na mwenye nyumba anakusumbua, kwake hakuna kitu kama hicho. Ila kwake pia "I was framed" maana yake nimebambikiwa kesi. Kwanini? Frame kitambo ilikuwa kuunda, kuunganisha mbao zikasimama, sasa na kesi si inaundwa jamani, sisi tunasema kamtungia kesi na hakuna anayeshangaa.

Siku nyingine mteja akitaja neno money usifunge, kaa hapohapo hata kama njaa inauma.

SWALI: Shikamoo mwalimu, kijana wangu yuko form two, kwenye jiografia wana kitu kinaitwa relief, yeye kaniuliza mimi nikamwambia ni kile chakula cha msaada wakati wa njaa, mwalimu wake kamkata maksi. Nimemkosea mtoto? (Mama wa Pasua, Moshi)

JIBU: Marahaba mama. Hukukosea neno, umekosea somo tu. Mzizi wake ni Kilatini na ni kuinua. Chukua sarafu ya shilingi 200 pitisha kidole, ile sura uliyoigusa imeinuka, mchongo wa namna hiyo kwenye sanaa unaitwa relief. Kwenye ramani ndo hivyohivyo, ni ardhi ilivyoinuka na ilivyoshuka, na nyie hapo Moshi hamna haja ya kitabu, mtoe nje asubuhi kabla mawingu hayajafunga, mwambie nyie mko chini ya mita 1,000 na pale Kibo ni mita 5,895, hiyo tofauti ndo relief yenyewe. Chakula cha msaada nacho kinamwinua aliyeanguka, na maumivu yakipungua ni mzigo umeinuliwa. Tena mwambie asiandike kwenye mtihani kwamba mlima unaleta nafuu, kuna mmoja niliwahi kumsahihishia aliandika hivyo, nilicheka mpaka machozi na sifuri nikampa.

SWALI: Mambo mwalimu. Eti figa ya mtu na mafiga ya jikoni ni neno moja? Tumebishana saluni mpaka basi. (Binti wa Ngarenaro)

JIBU: Poa binti. Si neno moja. Mafiga yale mawe matatu ni yetu, bibi yako kayakuta. Figa ya mtu imetoka kwa figure ya Kiingereza, ambayo ilianzia Kilatini kwenye neno la kufinyanga, ndo maana ni umbo, ni sanamu, alaf ni tarakimu pia, mshahara wa "six figures" ni wa tarakimu sita. Kwaiyo mkisema saluni fulani ana figa namba nane, mmelitaja mara mbili kwa mpigo, umbo na tarakimu. Aliyesema ni ya mafiga akununulie soda.