Mkono umeunga, mguu bado: tibia na rediasi zinatofautiana wapi?

Swali: Shikamoo daktari. Nasoma uuguzi, mwaka wa kwanza. Tumefundishwa kwamba mkono na mguu vimejengwa kwa ramani moja: mfupa mmoja juu, miwili chini yake, kisha mifupa midogo midogo na vidole. Mambo mawili yamenishinda. Kwanza, tibia, yaani mfupa mkubwa wa ugoko, inalingana na mfupa upi wa kigasha, rediasi au alna? Wenzangu wanasema alna, kwa sababu ndiyo inayoshika kiwiko kama tibia inavyoshika goti. Pili, mjomba wangu alianguka na bodaboda, akavunjika rediasi karibu na kifundo cha mkono, na tibia sehemu ya chini. Mkono ulifunguliwa plasta baada ya wiki 6 na sasa anashika jembe. Mguu una miezi minne na picha bado inaonyesha ufa. Kama ramani ni moja, mbona mguu umechelewa hivyo?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole kwa mjomba.

Nianze na ubishi wenu wa darasani, maana ukiuelewa huo, la mjomba litakuwa jepesi. Tibia inalingana na rediasi. Kinachoamua ni upande wa gumba. Rediasi iko upande wa gumba la mkono, tibia iko upande wa gumba la mguu. Alna na fibula, ule mfupa mwembamba ulio kando ya tibia, zote ziko upande wa kidole cha mwisho.

Ushahidi uko kwenye ukuaji wa mtoto tumboni. Vichipukizi vya mikono hutokeza wiki ya 4 tangu mimba kutungwa, vya miguu vikifuata siku moja au mbili baadaye. Mwanzoni vyote vimechomoza ubavuni, magumba yakielekea upande wa kichwa. Kisha, kati ya wiki ya 6 na ya 8, vinageuka: mkono unazunguka kuelekea nje karibu nyuzi 90, mguu unazunguka kuelekea ndani kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo kiwiko kikaelekea nyuma na goti likaelekea mbele. Na ukisimama huku viganja vikitazama mbele, gumba la mkono liko nje, la mguu liko ndani. Mwanafunzi aliyelielewa geuko hili halazimiki kukariri mfupa upi uko upande gani.

Hata hivyo wenzako wameona jambo la kweli. Kwenye kiwiko, alna ndiyo mwenye nyumba: imeukumbatia mfupa wa mkono wa juu, na rediasi imeegemea tu pembeni. Ukifika kwenye kifundo cha mkono mambo yanabadilika, rediasi ndiyo inayopokea kiganja na alna inabaki kando. Mguuni hakuna mgawanyo huo. Tibia imechukua ncha zote mbili, juu gotini na chini kwenye kifundo, na fibula haiufikii kabisa mfupa wa paja. Uzito wa mwili karibu wote unapita kwenye tibia, fibula ikichukua sehemu ndogo tu. Ndiyo sababu madaktari wa upasuaji wanaweza kukata kipande cha katikati cha fibula wakakitumia kujenga taya la mgonjwa, naye akaendelea kutembea, ilimradi wameacha sehemu ya chini inayolinda kifundo.

Sasa weka kitabu kando. Egemeza kiwiko mezani, shika kigasha karibu na kifundo kwa mkono wa pili, halafu geuza kiganja juu, kisha chini. Utausikia mfupa wa upande wa gumba ukibiringika kuuvuka mwenzake. Huo ndio rediasi. Kichwa chake kule kiwikoni ni cha mviringo, kimezungukwa na kano yenye umbo la pete, nacho kinazunguka ndani ya pete hiyo huku alna ikiwa imetulia. Kufungua kitasa, kukamua nguo, kula kwa mkono, vyote vinategemea mzunguko huo. Ndiyo maana mtu mzima akivunjika rediasi na alna zote mbili katikati, mara nyingi tunapendekeza awekewe vyuma: zikiunga zimepinda hata kidogo, kiganja hakigeuki tena sawasawa.

Jaribu hivyo hivyo mguuni. Ukikunja goti, unyayo utageuka kidogo, lakini mgeuko huo unatoka gotini na kwenye mifupa ya unyayo. Tibia na fibula zenyewe zimefungana. Chini zimeubana mfupa wa kifundo kama koleo, na ubanaji huo ndio unaokuwezesha kusimama kwa mguu mmoja bila kuyumba. Mkono umejengwa ili ufikie na ugeuze, mguu umejengwa ili ubebe.

Tuje kwa mjomba. Mtu akianguka, hutanguliza kiganja, na nguvu yote hupanda kupitia rediasi. Abraham Colles, daktari wa Dublin, aliueleza mvunjiko wa mahali hapo mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa, kwa kuutazama mkono na kuushika tu. Mfupa wa hapo ni mpana na ndani umejaa vitundu kama sifongo. Damu ni nyingi, na vipande hukutana kwa eneo kubwa. Wiki 6 zinatosha kwa watu wengi.

Pitisha kidole kwenye ugoko wako, kuanzia chini ya goti hadi kifundoni. Njia nzima unagusa mfupa, na kati ya kidole chako na tibia hakuna kitu isipokuwa ngozi. Shavu la mguu lenye nyama liko nyuma, nalo likikaribia kifundo linageuka kano tupu. Hapo ndipo mjomba alipovunjika. Mshipa mkuu unaolisha tibia huingia sehemu ya juu, kwa nyuma, kisha hushuka ndani ya mfupa. Mfupa ukikatika chini, kipande kilichobaki kinakosa damu ya mshipa huo, kinategemea mishipa midogo ya nje inayotoka kwenye misuli, na misuli yenyewe pale haipo. Isitoshe, mfupa wa hapo ni mwembamba na mgumu, vipande vinagusana eneo dogo. Na kama mfupa ulitoboa ngozi, jambo linalotokea sana kwa tibia kwa sababu hiyo hiyo ya kukosa nyama, vijidudu vinaweza kuingia na muda unarefuka zaidi.

Kwa hiyo tibia ya mtu mzima kuchukua miezi 4 hadi 6 ni jambo la kawaida. Ufa kuonekana leo hautoshi kusema mfupa umekataa kuunga. Kwa kawaida neno hilo tunalitumia baada ya miezi kama 9, tena pale ambapo miezi 3 ya mwisho haikuonyesha maendeleo yoyote. Kama anavuta sigara, aache sasa hivi, maana sigara inachelewesha mifupa kuunga. Kuhusu kukanyagia mguu, afuate alivyoambiwa kliniki. Wapo wanaoogopa kukanyaga hata baada ya kuruhusiwa, na hilo nalo linachelewesha, kwa kuwa uzito wa kiasi unauchochea mfupa ujijenge.

Nina ombi moja kwako kama muuguzi mtarajiwa. Nyumbani wakianza kuchoka kusubiri, watataka kumpeleka akafungwe vijiti. Mguu chini ya goti umegawanyika katika vyumba vinne vya misuli vyenye kuta ngumu zisizotanuka. Ukikazwa sana, hasa siku za mwanzo ukiwa umevimba, damu inakatika humo ndani na misuli inaweza kufa ndani ya saa chache. Dalili ya kwanza ni maumivu makali yasiyolingana na jeraha, yanayozidi ukivinyoosha vidole vyake. Usisubiri vidole viwe vya baridi. Tena chini kidogo ya goti, upande wa nje, utakuta kinundu cha fibula. Neva inazunguka shingo ya mfupa huo ikiwa karibu kabisa na ngozi, na plasta au kamba ikibana hapo mgonjwa anashindwa kuinua unyayo. Kila ukimhudumia mgonjwa mwenye plasta ya mguu, mwambie ainue unyayo na gumba, umwone akifanya.

Siku ya kliniki mjomba abebe picha zake zote tangu ile ya kwanza. Picha moja inamwonyesha daktari ufa tu. Zikipangwa kwa tarehe ndipo ataona kama mfupa mpya unaongezeka au umesimama, na hapo ndipo ataamua kama ni wa kuendelea kusubiri au ni wa kupelekwa chumba cha upasuaji.