Jibu: Maporomoko ya maji kwa wikiendi ukitokea Dar

Mkuu, umeuliza kama maporomoko ya Kalambo yanawezekana Ijumaa jioni hadi Jumapili na watoto wawili. Haiwezekani, labda upande ndege. Kalambo iko Rukwa, mpakani na Zambia. Utamaliza wikiendi nzima barabarani.

Nenda Hifadhi ya Udzungwa. Unashika barabara ya Morogoro, unakatiza hifadhi ya Mikumi (tembo na twiga mtawaona bure dirishani, watoto wasilale hapo), kisha Mikumi mjini unakunja kushoto kuelekea Ifakara. Lala Mang'ula, makao makuu ya hifadhi ya Udzungwa yako hapo hapo. Asubuhi mapema pandeni maporomoko ya Sanje na mwongozaji. Maji yanashuka kwa hatua tatu, ile ndefu ni kama mita 170, na kuna dimbwi la kuogelea. Njia ni ya mwinuko na huteleza, basi kandambili ziacheni nyumbani. Mkienda polepole, mnaweza kukutana na mbega wekundu wa Udzungwa, ambao hawapatikani nje ya milima hii na misitu ya jirani. Kama mdogo hajafikisha miaka sita saba, mimi ningemwacha kwa bibi. Machi hadi Mei msithubutu, mvua za masika hizo.

Korongo la Stiegler ulilolitaja (mto Rufiji) sasa ndipo lilipo bwawa la umeme la Nyerere, maji yalianza kujazwa Desemba 2022. Picha unazoziona mtandaoni nyingi ni za zamani.

Huna gari? Panda treni ya SGR hadi Morogoro, halafu basi la Ifakara.