Gari lililolala miaka minne liamshwe vipi?

SWALI: Marehemu baba alituachia Toyota Corolla ya petroli, ile ya zamani yenye karbureta, ambayo imekaa bandani miaka minne bila kuwashwa, karibu kabisa na bahari. Jirani yangu ananishauri niazime betri, nipige stata mpaka iitikie, kisha niipeleke gereji. Je, nimsikilize? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, usimsikilize, kwa sababu mzunguko wa kwanza wa injini iliyolala muda huo unapaswa kuwa wa mkono na si wa stata. Oili iliyotanda kwenye kuta za silinda imekwisha kuchuruzika chini, na kwa hewa yenu ya pwani, iliyojaa unyevu na chumvi, huenda kutu imeota pale ringi za pistoni zinapogusana na ukuta huo. Stata hulazimisha tu, na ringi zilizoganda zikilazimishwa huvunjika au huchubua silinda, ilhali mkono huhisi ugumu mapema.

Toa plagi zote nne, mimina katika kila tundu oili ya injini kiasi cha kijiko cha chai, uiache hadi kesho yake. Kisha weka gia huru, tia spana kwenye bolti ya puli ya krenki shafti (lile gurudumu la chini linalovuta mikanda ya injini), uzungushe polepole kwa upande ambao injini huzungukia siku zote. Ikikataa, usiining'inie spana kwa uzito wako wote. Ongeza oili kidogo na usubiri tena, hata siku kadhaa.

Wakati unasubiri, fungua boksi la chujio la hewa (panya hulipenda mno) na ukague nyaya. Mwaga petroli yote, wala usijaribu kuichanganya na mpya, kwani iliyochacha huacha utando unaonata ambao huziba jeti za karbureta (vitundu vyembamba vya kupitishia petroli), nayo karbureta itabidi ifunguliwe na kusafishwa. Badilisha oili na filta yake.

Injini ikishazunguka vizuri kwa mkono, na kabla hujatia petroli mpya, chomoa waya wa umeme wa koili (kile kifaa kinachozipa plagi umeme wa cheche), funika matundu ya plagi kwa kitambaa, kisha upige stata kwa vipindi vya sekunde chache mpaka taa ya oili izimike. Hapo betri nzima inahitajika, yaani yenye volti zipatazo 12.6 ikiwa imetulia. Ile ya marehemu baba, ikiwa ni ya miaka hiyo, sidhani kama itashika chaji. Ndipo urudishe plagi na waya, utie petroli, uwashe mahali penye hewa, bila kukanyaga mafuta kwa pupa. Moshi wa dakika za mwanzo ni ile oili uliyomimina. Lakini taa ya oili isipozimika upesi, zima injini mara moja.

Ama kuliendesha hadi gereji, hapana. Mafuta ya breki hunyonya unyevu na silinda za magurudumu hushika kutu, kwa hiyo mwite fundi wa breki aje hapo hapo bandani.