Taa ya betri: fundi asichomoe waya gari ikiwa inaunguruma!

Mkuu, mpigie huyo fundi sasa hivi, mwambie kesho asije. Umeandika kwamba Toyota IST yako inawasha taa nyekundu ya betri kisha taa inazima, unauliza ununue betri gani, unauliza kama Ijumaa unaweza kwenda nayo Tanga na mama mkwe, halafu katikati hapo, kama kitu kidogo tu, ukatupia kwamba fundi atakuja "kuchomoa waya wa betri gari ikiwa inaunguruma ajue kama altaneta inachaji", yaani kile kidude kinachozungushwa na injini kuchaji betri. Chai imenipalia.

Nimeshafanyiwa hiyo. Masika ya 2019 natoka Gongo la Mboto narudi Tabata, usiku, mvua ya kumwaga, nimekwama kwenye foleni ya Tazara chini ya daraja. Taa kubwa, waipa, AC ya kutoa ukungu, vyote vinafanya kazi. Taa ya betri ikaanza kuniangalia. Nikikanyaga mafuta inazima, gari ikirudi sailensa (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta) inawaka. Kufika Buguruni taa za mbele zimekuwa koroboi na waipa inapanda kioo kama mzee anapanda ngazi. Nyumbani nikafika, Mungu saidia.

Asubuhi nikaipeleka gereji ya chini ya mkungu, kwa mzee mmoja mtaa mzima unamwogopa kwa ufundi. Mita hana. Akaniambia washa gari. Spana namba kumi, tu-tu-tu, akavuta waya wa negativu, akaushika juu kama kakamata nyoka. Gari ikaendelea kuunguruma. "Umeona kijana? Haijazima. Altaneta nzima hii, betri ndiyo imekufa." Akaurudisha, ukapiga cheche. Akauchomoa tena ili na mimi nione vizuri, maana nilikuwa nimesimama upande mbaya. Mara ya tatu redio ikatoa mlio "kwap", injini ikazima.

Na mimi, bwege wa kusomeshwa na baba yangu, nikaenda kununua betri. Laki moja na themanini. Ikafungwa, nikageuza swichi: ile taa ya injini ambayo lazima iwake kabla hujapiga stata, haikuwaka kabisa. Stata inazungusha vizuri, plagi hazina moto. Siku tatu mzee anabadilisha fyuzi na kusonya. Betri yangu mpya ilikuwa nzuri sana, ilipumzika kwenye gari isiyowaka bila kusumbuliwa na mtu.

Nikaikokota hadi Ilala kwa fundi umeme, kijana mdogo tu. Akanisikiliza, akauliza swali moja: "Kuna mtu alichomoa betri ikiwa on?" Nikanyamaza. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imeungua. Ya mtumba laki nne, bado ufundi, bado gari la kuvuta. Halafu akafungua altaneta akanionyesha ugonjwa wenyewe: kaboni mbili, vile vipande vya ndani vinavyopitisha umeme, zimelika hadi zimebaki kama punje za choroko. Kuzibadilisha, na ufundi wake, elfu kumi na tano. Elfu kumi na tano mkuu! Mke wangu mpaka leo akinikuta nimefungua boneti ananiita Injinia.

Kijana ndiye aliyenielewesha. Altaneta ikiwa inasukuma umeme, betri ni kama simtanki, inapokea kinachozidi. Ukichomoa ghafla, altaneta haiwezi kupunguza papo hapo, kwa hiyo voti zinaruka juu sana kwa kufumba na kufumbua, na zinaenda moja kwa moja kwenye kompyuta, redio na chochote kilichowashwa. Na hata ikinusurika, jibu lenyewe ni la uongo. Altaneta inayochechemea inaweza kuiacha gari iungurume vizuri tu sailensa na bado isitoshe kuchaji betri ukiwasha taa na AC. Yangu si ndiyo ilivyokuwa?

Niliporudi kwa mzee akanijibu amefanya hivyo tangu enzi za Land Rover 109. Sawa baba, ile ilikuwa na kabureta na platini, kompyuta ingeungua ipi? Akasema boksi "ilikuwa inakaribia kufa tu". Hela ya ufundi hakurudisha, na soda alikunywa.

Kwa hiyo: MITA. Ile ya kawaida ya mafundi umeme, Kariakoo zimejaa na bei yake haifiki hata robo ya betri. Weka kwenye voti za DC, alama ya 20, nyekundu kwenye pozitivu, nyeusi kwenye negativu, waya wa betri usiguswe. Gari ikiwa imelala usiku mzima, betri nzima yenye chaji inasoma kama 12.6. Washa gari: inatakiwa ipande, kwenye 13.8 hadi 14.5. Kisha washa taa kubwa, feni na AC, uangalie tena. Ikibaki 12 na kuzidi kushuka, haichaji, na hata ukifunga betri ya lori itakwisha tu.

Kabla ya hapo zima injini, angalia mkanda unaozungusha altaneta. Kwenye IST mkanda huohuo unazungusha pampu ya maji, kwa hiyo taa ikiwaka na temperecha ikipanda, paki hapohapo. Angalia pia vichwa vya betri kama vina ule ungaunga mweupe wa kijani, na plagi ya waya nyuma ya altaneta kama imelegea.

Kesho weka hapa namba tatu: imezimwa, inaunguruma, inaunguruma na kila kitu kimewashwa. Na huyo fundi akija kabla hujamzuia, mfiche spana namba kumi.