Re: Simulesheni kwa karakana ya kuunda matatu inasaidia ama ni ya kina Toyota tu?

Mkuu uliyeuliza, simulesheni, yaani kuigiza kazi ya karakana ndani ya kompyuta uone foleni inatokea wapi, inasaidia, hata kama karakana ni ndogo. Mimi niliifanya kwa jamaa fulani wa kuunda bodi za matatu hapa Industrial Area, jina tuliache. Bosi alikuwa ameshaamua anataka chumba cha pili cha rangi, coz magari yamejaa uwanjani na wateja wanapiga simu kila asubuhi. Magari 12 ndani, yanatoka 2 kwa wiki, manake kila moja inakaa wiki 6, hiyo hata haihitaji kompyuta.

Nikachukua simu nikaanza kupima muda, fundi kwa fundi, wiki tatu. Kuchomelea fremu hakuna shida, siku zinafanana. Balaa iko kwa filla (ile pasti ya kuziba mabonde ya bodi) na msasa: bodi moja siku moja, ingine siku nne, na ile baridi ya Julai filla inachelewa kukauka. Ukiweka wastani wa siku mbili kwa Excel kila kitu kinaonekana poa, lakini chumba cha rangi kikikaa bure Jumatatu huwezi kuiweka hiyo Jumatatu akiba uitumie Alhamisi, bodi tatu zikija pamoja. Hapo ndio foleni inazaliwa.

Modeli, yaani hiyo karakana ya kwa kompyuta, niliandika na SimPy, zana ya simulesheni ya lugha ya programu ya Python, ni ya bure, inataka ujue Python kiasi. Ya kwanza ilinidanganya vibaya, ikatoa magari mengi kuliko yale yameandikwa kwa kitabu cha karakana, kumbe nimesahau stima hupotea na kompresa inalala. Kama modeli haiwezi kurudia miezi iliyopita vile ilivyokuwa, usiionyeshe mtu.

Nikaiongezea chumba cha pili cha rangi, karibu hakuna kitu kilibadilika, sasa ni vyumba viwili vinangoja msasa. Nikatoa, bado ndani ya modeli, watu wawili kwa fremu nikawapeleka msasa, na nikaweka sheria chasi mpya haiingii mpaka gari moja itoke, foleni ikashuka. Mzee wa msasa akaangalia laptopu akaniambia, "Kijana, haya mimi nilimwambia bosi Januari."

Bosi alihamisha wale wawili, na chumba akajenga pia, alikuwa ashalipa diposi. Sahi hicho chumba ndio wanawekea viti.