Kabla hujaandika kashfa ya timu ya chuo, mpigie mchezaji simu

Namba yake ya simu nilikuwa nayo. Hilo ndilo alilonikumbusha yule kijana aliponikuta kwenye ngazi za maktaba, siku chache baada ya gazeti letu kuchapisha kwamba anachunguzwa. Nilikuwa mwanafunzi Marekani, naandikia ukurasa wa michezo wa gazeti la wanafunzi. Miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa nimempigia saa nne usiku kumuuliza kuhusu kikapu chake cha ushindi, na tulicheka sana. "Nikifunga, unanipigia mimi," aliniambia. "Nikituhumiwa, unaipigia ofisi."

Alisema kweli. Mtu wa idara ya michezo alikuwa amenidokeza kwamba uongozi unataka kujua nani alimlipia kijana huyo nauli ya kwenda msibani, kwani kanuni za michezo ya vyuo zilimkataza mchezaji kupokea baadhi ya zawadi. Nilituma baruapepe kwa msemaji wa idara, nikampa nusu saa, hakujibu, nami nikaandika "hakupatikana". Wiki tatu baadaye uchunguzi ulifungwa: nauli ilikuwa imelipwa na mjomba wake. Habari ya kwanza ilikaa ukurasa wa mbele na picha yake. Ya pili ilipewa mistari minne ukurasa wa ndani, bila picha.

Tangu hapo nimeandika kuhusu michezo ya vyuo vya Marekani kwa miaka mingi, na wanaoanza kazi hii huniuliza namna ya kushika habari za kashfa. Huwa naanza na swali moja: kosa linalotajwa ni la aina gani? NCAA, chama kinachosimamia sehemu kubwa ya michezo ya vyuo huko, ina kanuni zake, na nchi ina sheria zake. Mchezaji anaweza kuvunja kanuni ya NCAA bila kuvunja sheria yoyote ya nchi. Sisi waandishi tumezoea kuyamwaga yote kwenye kapu moja linaloitwa "kashfa", kisha tunamwandika mtu aliyepokea nauli kwa maneno yale yale tunayomwandikia mwizi.

Mtazame Reggie Bush. Alishinda tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa futiboli ya Marekani ya vyuo, mwaka 2005 akikichezea Chuo Kikuu cha Southern California (USC). Mwaka 2010, baada ya NCAA kuamua kwamba yeye na familia yake walipokea fedha na zawadi zilizokatazwa, aliiachia tuzo hiyo. Miaka ikapita, kanuni zikalegea: tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Aprili 2024 Bush akarudishiwa tuzo yake. Sisemi kila alichokifanya kingeruhusiwa leo. Ninachosema ni kwamba ukiandika "alivunja kanuni namba fulani", maneno yako yatasimama hata kanuni ikibadilika. Ukiandika "aliiba heshima ya mchezo", hapo umeshatoa hukumu ambayo hakuna aliyekutuma kuitoa.

Sasa kesi iliyo nzito zaidi. Machi 2006, mwanamke aliyekodiwa kucheza dansi kwenye sherehe ya wachezaji wa lakrosi (mchezo wa mpira unaochezwa kwa fimbo zenye wavu) wa Chuo Kikuu cha Duke alisema amebakwa. Wachezaji 3 walishtakiwa. Msimu ulifutwa, kocha Mike Pressler akalazimika kuondoka, na picha za wachezaji zikabandikwa chuoni kama za watu wanaosakwa. Vipimo vya DNA havikumwonyesha hata mmoja wao, lakini kwa muda mrefu habari ziliendelea kuandikwa kama vile vipimo hivyo havipo. Aprili 2007 mwanasheria mkuu wa jimbo la North Carolina, kilipo chuo hicho, Roy Cooper, alitangaza kwamba vijana hao hawana hatia. Mwendesha mashtaka Mike Nifong alinyang'anywa leseni yake ya uwakili.

Nimeirudia kesi hiyo mara nyingi, na kila mara najiuliza habari zile za mwanzo zilitegemea nini. Zilitegemea kinywa cha Nifong. Alihojiwa mara kadhaa ndani ya wiki chache, akiwa na uchaguzi mbele yake, na kila alichosema kilichukuliwa kama ushahidi. Kauli ya mwendesha mashtaka ni kauli ya upande mmoja wa kesi, hata kama amevaa suti na amesimama nyuma ya kipaza sauti. Lakini kulikuwa na jambo la pili, nalo linanitisha zaidi: habari ile ilikuwa tamu. Vijana wazungu wenye nazo, mwanamke mweusi mwenye shida, chuo cha kifahari. Iliingia sawasawa kwenye picha ambayo watu tayari walikuwa nayo vichwani. Habari ikikukaa vizuri namna hiyo, rudi kwenye daftari uhesabu umeyaona mangapi kwa macho yako.

Wapo wanaosoma kesi ya Duke wakatoka na somo baya, kwamba tusubiri mahakama imalize ndipo tuandike. Hapana! Machi 2011 Sara Ganim wa gazeti la Patriot-News la Harrisburg aliandika kwamba jopo la mahakama linachunguza tuhuma za Jerry Sandusky, kocha msaidizi wa zamani wa futiboli wa Penn State, chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania, kuwadhulumu watoto kingono. Vyombo vikubwa havikuishika habari hiyo kwa miezi kadhaa, hadi Sandusky alipokamatwa Novemba. Mwaka 2012 alitiwa hatiani kwa makosa 45, na Ganim pamoja na wenzake wakapata tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani. Angesubiri hukumu, waathiriwa wangebaki peke yao muda mrefu zaidi.

Kilichoniumiza ni namna vyombo vikubwa vilivyoingia baadaye. Mjadala ulihamia kwa kocha mkuu Joe Paterno, kufukuzwa kwake na rekodi yake. NCAA ilimfutia ushindi wa mechi 111, kisha ikaurudisha mwaka 2015, na maandishi juu ya mechi hizo yalitosha kujaza maktaba. Walioumizwa walikuwa watoto. Ukiandika kashfa ya namna hii, hesabu aya zako: ngapi ni za kocha, ngapi ni za timu, na mwathiriwa anatajwa ya ngapi.

Utakutana pia na chuo kinachokwambia kwamba sheria ya faragha ya wanafunzi, ile ya mwaka 1974, inakikataza kusema lolote. Mara nyingine ni kweli, nayo inamlinda mchezaji. Mara nyingine inakilinda chuo tu. Magazeti yaliyokishtaki Chuo Kikuu cha North Carolina yalipata uamuzi kwamba faini za maegesho ya magari ya wachezaji si kumbukumbu za masomo. Omba nyaraka kwa maandishi, tena kwa kuzitaja moja moja.

Na mpigie mchezaji mwenyewe. Msemaji wa chuo anakilinda chuo, na kijana wa miaka 19 asiye na wakili anabaki hana wa kumsemea. Mpe siku nzima ya kujibu, umsomee tuhuma neno kwa neno. Akikataa kusema, andika kwamba amekataa. Usiandike "hakupatikana" kama ulimtafuta nusu saa.

Siku unayochapisha tuhuma, andika kwenye kalenda tarehe ya kuulizia matokeo, na matokeo yakija yape ukubwa ule ule, ukurasa ule ule. Mtandaoni, weka matokeo juu kabisa ya habari ya zamani, kwa sababu ndiyo hiyo mwajiri atakayoikuta akitafuta jina la mchezaji.

Ile yangu ilibaki mtandaoni miaka saba bila kuguswa. Mwishowe niliwaandikia wahariri wapya wa gazeti lile, nikawaeleza yote. Siku iyo hiyo waliongeza sentensi juu ya kichwa cha habari: "Uchunguzi huu ulifungwa bila mchezaji kukutwa na kosa lolote." Nilimtumia yule kijana kiungo kwa namba ile ile niliyokuwa nayo tangu zamani. Alijibu baada ya siku mbili, akaniuliza kama picha nayo inaweza kuondolewa.