Mwanangu anakwenda bahari ya barafu

SWALI: Shikamoo baba. Mwanangu amepata kazi kwenye meli ya uvuvi huko kaskazini mwa Norwei, anaanza Januari. Babu yake, aliyekuwa nahodha wa jahazi, anasema dhoruba ni dhoruba, aliyezoea upepo wa kusi hana la kuogopa. Mimi usingizi siupati. Ni kweli asemavyo?
Mama wa kijana, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mzee wako namheshimu, na kusi si mchezo. Lakini huku kwetu wimbi likikupiga, maji hurudi baharini. Kule hubaki juu ya meli.

Mwaka 1986 nilikuwa baharia kwenye meli ya mizigo, bahari ya Barents, kaskazini mwa Norwei na Urusi. Usiku wa manane sarahangi, mkuu wa mabaharia, akatugongea milango. Kila omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, ilipozama, rasharasha ziliruka mpaka juu ya chumba cha usukani, zikiganda hapo hapo zilipotua. Kamba nene kama kidole gumba ilikuwa imevimba kama paja langu. Tukapewa nyundo za mbao na machepe, tukagonga kwa zamu, mikono haina hisia. Mwanzoni meli ilikuwa ikienda mrama upesi upesi kama kawaida. Baadaye ikawa inalala upande, inakaa, halafu ndiyo inainuka, taratibu, kama mgonjwa kitandani. Sarahangi akasema, “Inafikiria,” yaani iinuke au ipinduke. Hakuna aliyeomba kupumzika baada ya hapo.

Mwulize mzee wako farumi, ule uzito wa kutuliza chombo, huwekwa wapi. Atakwambia chini kabisa, ili chombo kitulie. Sasa barafu ni farumi iliyopandishwa mlingotini, kwenye reli, kwenye antena. Uzito ukizidi juu, wimbi moja la ubavuni linatosha kupindua meli nzima. Na dhoruba nyingine za kule huzuka kwa saa chache tu, hewa baridi ya kwenye barafu ikishuka juu ya bahari yenye joto kidogo.

Mabaharia wa Hull, Uingereza, waliyajua haya kwa machozi. Mwanzoni mwa 1968, ndani ya wiki chache, meli zao tatu za uvuvi zilipotea: St Romanus, Kingston Peridot na Ross Cleveland. Watu 58 walikufa. Ross Cleveland ilikuwa imekimbilia hifadhi kwenye ghuba ya Iceland, na tarehe 4 Februari ikapinduka humo humo, imeelemewa na barafu na upepo. Nahodha aliwahi kusema redioni kwamba wanapinduka, akawatumia wake zao na jamaa zao salamu za upendo. Watatu walifika kwenye mashua ya mpira ya kuokolea. Akapona mmoja, Harry Eddom, kwa kuwa alikuwa ametoka kupasua barafu kwenye rada na alivaa nguo kamili za dhoruba. Wenzake wawili walikuwa na nguo nyepesi. Baridi iliwaua mle mle ndani ya mashua.

Waliosimama kudai usalama walikuwa wanawake wa Hull, wakiongozwa na Lillian Bilocca, mke wa baharia. St Romanus haikuwa hata na mtu wa redio! Kwa hiyo usione haya kuuliza maswali. Wewe ni mama.

Tangu 2017 zipo kanuni za kimataifa za meli za maji ya ncha za dunia: meli ihesabiwe kuwa itabeba kilo 30 za barafu kwa kila mita ya mraba ya sitaha iliyo wazi, na bado isimame. Lakini zilianza na meli za mizigo na za abiria, si za uvuvi kama ya mwanao. Desemba 2020 meli ya uvuvi ya Urusi, Onega, ilizama Barents kwa barafu. Kati ya watu 19 walipona wawili.

Basi kabla hajasaini, aulize kama kila mtu ana suti yake ya kujiokolea, ile isiyoingiza maji, na inamtosha mwilini. Afanye mazoezi ya kuivaa gizani. Barafu ikianza, wagonge ya juu kwanza, pande zote mbili sawa. Na akiisikia meli inalala na kukawia kuinuka, amwamshe nahodha, hata kama yeye ndiye mgeni kuliko wote.